Mkuki Haujui Sinema

Mume wangu alichaguliwa kuwa mwizi kwa sababu ya uso. Bwana Shariff, mtu wa gari la sinema kutoka Nakuru, alipita mbele ya wanaume wa shamba letu kama anayechagua beberu sokoni, akasimama mbele ya Kiprugut, akasema, "Huyu. Uso huu haumwambii mtu kitu." Wanaume wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana uso huo nimeolewa nao na ninajua alisema kweli. Kiprugut akifurahi uko hivyo, akiumwa na jino uko hivyo hivyo.

Tulikuwa Kuresoi, juu kule kwenye baridi, kwenye shamba la mzungu wa pareto na kondoo. Tuliishi hapo kwa ruhusa yake: kibanda, kipande cha viazi, ng'ombe wachache, na kazi yake mwaka mzima. Ila ruhusa yenyewe ilikaa mdomoni mwa nyapara, Hezekiah. Akisema fulani ni mtu mzuri, unakaa. Akisema fulani ana mkono mrefu, unafunga mizigo. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti na sauti ya upole, na mimi sijawahi kumwamini mtu wa sauti ya upole anayetembea na kiboko.

Sinema ilikuwa ya wizi wa ng'ombe na mpelelezi anayemnasa mwizi. Bwana Shariff alikuwa amesikia kule Molo habari ya ng'ombe aliyepotea kwetu, akaona hadithi imeshapikwa, kazi yake ni kupakua tu. Ng'ombe yule alikuwa jike la kahawia, lenye doa jeupe shingoni. Mwenyewe ni Mzee Kiptanui, lakini ng'ombe alilala katika boma la Hezekiah. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote mahali pamoja; ugonjwa ukiingia wataisha wote. Unamwekea rafiki ng'ombe mmoja au wawili. Yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki mwenye ng'ombe na mwenye ndama. Hakuna karatasi, kuna neno tu. Ng'ombe uliyewekewa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Akiibwa, huna cha kupeleka na hakuna atakayekudai.

Basi asubuhi moja ya masika, mwaka mmoja kabla ya sinema, Hezekiah alipiga yowe kwamba wezi wamemfungulia boma. Wanaume walifuata nyayo hadi mtoni, mvua ikawa imezifuta. Mzee Kiptanui alisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine walisema ni mapenzi ya mtu, wakaanza kutazamana. Mume wangu alitazamwa kuliko wote, kwa kuwa zizi la kondoo alilolinda lilipakana na boma lile, na kwa sababu ya uso ule ule.

Hezekiah alikubali kuwa Hezekiah katika sinema, mwenye boma aliyeibiwa, akapewa kiti cha kukalia. Mpelelezi alikuwa Owuor, karani wa reli wa Nakuru, aliyevalishwa koti refu na kofia. Mwanzoni alikuwa karani ndani ya koti. Baadaye koti likamwingia kichwani, akawa anainama kuchunguza mavi ya ng'ombe hata mashine ya picha ikiwa imezimwa. Alinifuata jikoni nikiwamenyea wageni viazi.

"Mama," akasema, "ile siku ng'ombe ilipotea, mzee yako alilala wapi?"

"Alilala kwake," nikamjibu. "Na wewe, bibi yako anajua unalala wapi?"

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeokota kitu, akaenda zake. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Kusema kweli Kiprugut hakulala kwake. Alirudi kumepambazuka, suruali imelowa hadi mapajani, akasema kondoo alikuwa akizaa vibaya. Nilimwamini kwa sababu sikuwa na sababu ya kutomwamini. Sasa karani wa reli alikuwa ameniachia sababu jikoni kwangu, pamoja na maganda ya viazi.

Ikafika sehemu ya kiapo. Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, na neno kiapo lilitosha kumpeleka mtu kizuizini, kwa hiyo Bwana Shariff alizunguka na ruhusa ya mkuu wa wilaya, D.C., mfukoni: kiapo hiki ni cha wazee, cha kutafutia mwizi, si kile cha wapiganaji wa msituni. Mzee Kiptanui aliletwa kukisimamia. Alipewa sukari na kofia mpya, akawa anageuza uso kila mashine inakogeukia. Alilaza mkuki kwenye nyasi. Kila aliyeshukiwa alipaswa kuuruka akisema: kama niliiba ng'ombe huyu, kama nilionja nyama yake, mkuki huu unile mimi na nyumba yangu. Wanaume wakaruka mmoja mmoja, wengine wakijishebedua. Kiprugut alifika kwenye mkuki akasimama.

"Siruki," akasema.

"Ndugu yangu, huu ni mchezo," Bwana Shariff akamwambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Hapa wewe si wewe. Wewe ni mwizi wa kwenye picha. Unaruka kwa uongo, halafu mpelelezi anakukamata."

"Mguu ni yangu," Kiprugut akasema.

Bwana Shariff akamgeukia mzee amsaidie. Kiptanui akakuna shingo. "Hapo amesema kweli," akasema. "Mkuki haujui sinema. Wenyewe unajua mguu tu."

Nilisikia macho ya watu yakihama kutoka kwa mume wangu kuja kwangu, yakirudi kwake. Hezekiah aliinuka kitini polepole.

"Mtu mwenye roho safi anaogopa nini?" akauliza, kwa upole ule. Kisha akaja karibu yetu, akaongea chini chini ili wageni wasisikie. "Bwana hataki wezi kwa shamba yake. Vuneni viazi yenu. Mkimaliza, mfunge mizigo."

Bwana Shariff alisema basi, mawingu yameziba jua, atarudi kumaliza akitoka Londiani. Gari likaondoka. Sisi tukabaki na macho ya watu. Jirani aliyekuwa akiazima ungo kwangu alianza kuagiza aletewe ungo mwingine kutoka mbali. Wanawake mtoni walinyamaza nikifika, wakaanza kusifia maji.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimpa Kiprugut chakula, nikamwacha ale, kisha nikasimama mlangoni ili asipate pa kutokea.

"Uliiba?"

"Hapana. Nilikuwa na kondoo."

"Mbona hukuruka? Wezi wote wa shamba hili wameruka wakicheka, wewe usiye mwizi unashindwa?"

Alichokonoa meno. "Ile nyama," akasema.

"Nyama gani?"

"Nyama alileta ndugu yako."

Nilikaa chini. Siku ile ile ambayo yowe la Hezekiah lilipigwa, ndugu yangu Kimutai alitujia jioni na ubavu mzima wa ng'ombe ndani ya gunia. Kimutai alifanya kazi Molo, nyuma ya bucha, akikata nyama. Lakini kabla ya bucha alikuwa amefanya kazi nyingine, na wote waliijua: ujanani mwake ng'ombe wa watu walikuwa wakimfuata nyumbani wenyewe. Kwetu shemeji akikuletea nyama humuulizi imetoka wapi. Kumuuliza ni kumwambia kwamba unamdhania mwizi, na umemwoa dada yake. Unapokea, unashukuru, unakula. Kiprugut alipokea, akashukuru, akala, na tangu jioni ile alikuwa na ule ubavu kooni.

"Kwa hiyo umekaa mwaka mzima ukidhani ndugu yangu ni mwizi," nikasema.

"Nilidhani na wewe ulijua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote ya Hezekiah. Nilikuwa nimesimama mlangoni kumshuku mume wangu, kumbe yeye ananishuku tangu masika ya mwaka jana, akinywa uji wangu kila asubuhi na uso wake ule. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu. Sisi wawili kila mmoja alikuwa ameikagua nguo yake kimya kimya. Nilikasirika.

"Mila inakukataza wewe kuuliza," nikamwambia. "Mimi ni dada yake. Mimi nitauliza."

Nilipanda lori la pareto hadi Molo. Nilimkuta Kimutai nyuma ya bucha, akiosha shoka la kukatia mifupa. Alifurahi kuniona hadi nilipomuuliza, ndipo furaha ikamtoka usoni.

"Hata wewe, dada?" akasema.

"Hata mimi. Jibu."

Aliendelea kuosha shoka lililokwisha takata. "Ilikuwa ng'ombe ya kahawia. Alama nyeupe hapa," akasema, akigusa shingo yake. "Nyapara yenu alileta yeye mwenyewe, usiku bado haijaisha, akarudi haraka na lori. Alisema ng'ombe yake haizai tena, ichinjwe haraka. Nilichuna mimi. Mwenye bucha akanipatia mbavu, nikasema wacha nipelekee dada yangu. Hiyo ndiyo wizi yangu."

"Na mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mtu anauza ng'ombe yake. Nilisikia baadaye sana ati iliibwa, ati ni ya Kiptanui. Sasa dada, mimi nikisimama niseme Hezekiah mzee wa kanisa ni mwizi, kati yake na mimi nani atalala ndani?"

Nilimshika bega, nikaona haya, nikamwambia kwamba nimeona haya. Akanifungia maini kwenye jani la mgomba. Niliyapokea bila kuuliza, na njia nzima ndani ya lori nilikuwa nikiyatazama.

Kiprugut aliposikia habari hiyo aliketi kwenye gogo la kupasulia kuni, akashika kichwa. "Basi tulimla kweli," akasema. "Ningeruka, ningetuua sote." Na nilijua hasemi mchezo. Mtu akiona ni ujinga na aone. Mimi nimezaliwa kwa watu walioona mlango wa nyumba fulani ukifungwa kabisa, wote wakaisha, na kila mtu alijua ni mkuki gani uliorukwa.

Lakini kujua ni jambo moja, kusema ni jingine. Tukisema, Hezekiah atamtaja Kimutai, na askari wa kweli, si wa koti la kuazima, watamkamata Kimutai. Nililifikiri jambo hilo nikipalilia, nikalifikiri nikikamua, kisha nikaenda kwa Mzee Kiptanui kuomba tumbaku ya mama mkwe. Mzee alikuwa amevaa ile kofia mpya ndani ya nyumba.

"Mzee," nikamuuliza, "kwa kiapo cha mkuki nani anaruka kwanza? Anayeshtaki au anayeshtakiwa?"

"Wewe ni msichana wa wapi usijue hiyo? Anayeshtaki. Mtu hawezi kuapisha wengine kama yeye mwenyewe hajaapa kwamba kitu kilipotea kweli."

"Ndivyo nilivyofundishwa hata mimi. Ndiyo maana nilishangaa kwa sinema nyapara akikaa kwa kiti."

Kiptanui aliacha kukata tumbaku. Akavua kofia, akaitazama ndani kama iliyo na jibu. "Walinipatia sukari," akasema, "nikasahau." Nilichukua tumbaku nikaondoka. Sikuongeza neno, na kwangu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kwenda Molo.

Bwana Shariff aliporudi, mzee alilaza mkuki nyasini, kisha akaelekeza fimbo kwenye kiti cha Hezekiah. "Aanze mwenye boma," akasema. Owuor alisema kwenye karatasi yake hilo halimo. Kiptanui alisema basi karatasi yake iruke. Bwana Shariff, aliyependa chochote chenye vurugu kidogo, akapiga makofi: vizuri, mzee, vizuri sana, mwenye mali naye aape.

"Mimi ni mtu ya kanisa," Hezekiah akasema huku akitabasamu. "Siruki mikuki."

"Hawa uliwarusha wanabatizwa wapi?" Kiptanui akauliza. "Si kwa kanisa yako?"

Watu walisogea. Hezekiah aliona wamesogea. Akafunga vifungo vya koti, akaja mpaka kwenye mkuki, na mashine ikaanza kuguruma. Akainua mguu wa kulia. Nauona mguu ule hata leo, kiatu cheusi kilichopakwa rangi, kikining'inia juu ya mkuki kama kuku aliyesita kukanyaga tope. Kisha akaurudisha. Akauzunguka mkuki kwenye ncha yake, polepole, akasimama upande wa pili akikung'uta suruali.

"Imetosha," akasema.

Kiprugut alipoitwa alisema siruki kama mara ya kwanza, na safari hii Bwana Shariff hakumbembeleza. Alisema hadithi imepata sura nzuri zaidi, mwizi anajulikana kwa kukataa kiapo. Owuor akamfunga mume wangu mikono kwa kamba ya mbuzi wangu, akamwongoza hadi kwenye gari akiwa amejitutumua. Nilitazama nikauma kidole.

Watu wakagawanyika. Wengine walisema nyapara amekwepa, na anayekwepa ana lake jambo. Wengine walisema ni dini yake, mwacheni. Wengi waliogopa kiboko wakasema hawakuona vizuri, jua liliwaingia machoni. Amri yetu ya kuondoka haikubadilika. Tulivuna viazi, tukavitia magunia, tukafunga vibuyu vya maziwa kwa kamba. Kila nilipomtazama Hezekiah alikuwa ameshanitazama. Alijua kwamba ninajua, ila hakujua nimejuaje, na nadhani hilo ndilo lililomfanya azidi kututaka tuende.

Mizigo ikiwa mlangoni, gari la sinema likaja kutuonyesha kazi yetu. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Tulijazana katika banda la kukatia kondoo manyoya, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ukutani Bwana Shariff ametundika shuka jeupe. Hezekiah alikaa benchi la mbele. Watu walipiga kelele za furaha wakijiona: yule mimi, yule mbwa wetu. Owuor alipotokea akikagua mavi ya ng'ombe, banda zima lilicheka. Sauti ya Bwana Shariff ilikuwa ikieleza ndani ya picha.

Kikaja kiapo. Mkuki ukaonekana nyasini, mkubwa kuliko ulivyo. Hezekiah akaja na koti lake. Mguu ukainuka. Sijui Bwana Shariff alifanya nini na mkasi wake kule Nakuru, lakini mguu uliinuka, na papo hapo Hezekiah akawa amesimama upande wa pili wa mkuki akikung'uta suruali. Hapakuwa na kusita wala kuzunguka. "Mwenye mali anaapa bila hofu," ikasema sauti.

Kicheko kilikatika. Ndani ya giza lile Mzee Kiptanui akasema, bila kupaza sauti, "Ameruka."

Benchi la mbele likaanguka. Hezekiah alikuwa amesimama, kivuli chake kimeziba nusu ya shuka. "Sikuruka," akasema. "Nyinyi mlikuwa hapo. Nilizunguka. Semeni nilizunguka."

Juu ya mgongo wake picha iliendelea, mume wangu akifungwa kamba.

"Kiptanui, mwambie huyu mtu atoe hiyo picha. Mimi sikuapa. Watoto wangu hawajaapa." Sauti ya upole ilikuwa imekwisha, ilikuwa sauti ya mtu anayezama. "Nilipita hapa kando, wote mliniona."

Nilimhurumia kidogo, kwa ajili ya wale watoto. Lakini nilikuwa na mizigo mlangoni. "Nyapara," nikasema, "mtu mwenye roho safi anaogopa nini?"

Akageuka kunitafuta gizani. Taa ya mashine ilimwangaza usoni, na kila aliyekuwa bandani akasoma uso ule.

Kesho yake asubuhi alionekana akipanda kwa Mzee Kiptanui akiswaga ng'ombe jike wake mzuri na ndama wake wa kulipia, na kondoo mweupe wa kutakasia. Wanasema mzee alimuuliza aliapa lini, naye akajibu, "Jana, kwa shuka." Sisi pia tulipeleka kondoo wetu, maana tulionja. Tulitakaswa siku moja na yule aliyetuonjesha. Mizigo niliifungua mwenyewe, na jirani akaja kuazima ungo. Hezekiah alibaki nyapara, kwa kuwa mzungu anauliza habari za pareto, haulizi habari za mikuki, ila hakuinua tena kiboko mbele yangu.

Bwana Shariff hakuelewa lolote. Alidhani sinema yake imemgusa mtu moyoni, akaondoka amefurahi. Ilionyeshwa Nakuru mjini, Njoro, hadi Gilgil, na kila ilikopita Hezekiah ni mtu mwaminifu na Kiprugut ni mwizi. Mpaka leo mume wangu akishuka Nakuru kuuza viazi, kuna mtu atamtazama mara mbili kisha ashike mfuko wake. Anarudi ananieleza, na uso wake hauniambii kama ameumia au anacheka.

Kimutai bado hutuletea nyama. Siku hizi Kiprugut humpokea gunia mlangoni, anamshukuru, halafu anamuuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, hii imetoka wapi?" Mara ya kwanza mama mkwe alifunika uso kwa haya. Kimutai alijibu, akataja ng'ombe na mwenye ng'ombe, tukala.